Bibi ni Mzaramo, baba anataka nikafundishe, mimi nataka utafiti

Swali: “Shikamoo Daktari. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Chanika. Nimemaliza Shahada ya Sanaa na Elimu, masomo yangu Kiswahili na Isimu. Natamani kuwa mtafiti wa lugha ndogo za Tanzania, zile zinazoelekea kupotea, na nilikuwa nafikiria Kihadza. Nyumbani, bibi mzaa baba ni Mzaramo wa Kisarawe. Anaongea kilugha na wenzake, mimi naelewa juujuu ila kujibu siwezi. Baba anasema utafiti wa lugha ni kazi ya kufa njaa, nisubiri ajira ya ualimu. Naomba uniambie ukweli: kazi hii ikoje, inalisha, na nianzie wapi?”

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu na nitaanza na la mwisho, maana ukikosea pa kuanzia, hayo mawili mengine hayatakuwa na jibu zuri.

Kihadza kwanza. Naelewa kinachokuvuta. Ni lugha yenye vidoko, zile sauti za ulimi ambazo sisi wengine tunazitoa tukisikitika tu, na Wahadzabe wanazijengea maneno kama sisi tunavyotumia p na t. Wasemaji wake ni kama elfu moja, kuzunguka Ziwa Eyasi. Mwaka 1963 mwanaisimu Mmarekani Joseph Greenberg aliiweka pamoja na Kisandawe na lugha za kusini mwa Afrika katika familia ya Khoisan. Siku hizi wanaisimu wengi wanaiona ni lugha iliyosimama peke yake, haina ndugu anayejulikana popote. Nani asingevutika? Ndiyo maana kule kuna msongamano. Mtafiti Dorothea Bleek alifika kwa Wahadzabe mwaka 1930, na tangu hapo wamepishana wanafonetiki, wanaanthropolojia, watu wa lishe na watu wa jenetiki, na siku hizi na watalii. Ukienda leo unakwenda kupanga foleni.

Halafu kuna suala la nauli. Usicheke. Kutoka Chanika hadi Eyasi ni safari ya kuvuka nusu ya nchi, na ukishuka kwenye basi bado unahitaji gari la kukodi na mkalimani, kwa sababu lugha yenyewe huijui hata salamu. Safari ya kwanza utaipata kwa fedha za mfadhili. Ya pili labda. Lakini utafiti wa lugha haufanyiki kwa safari moja wala mbili. Ukirudi mezani na rekodi zako, ndipo unapogundua kwamba ukurasa wa tatu wa daftari unapingana na ukurasa wa tisa, na anayeweza kukuamulia ni yule bibi aliyekuambia yote mawili. Lazima urudi kwake. Kwa hiyo mwanafunzi anapoanza mimi humuuliza: ufadhili ukiisha, utaweza kurudi kwa hela yako ya mfukoni? Akisema hapana, namwambia atafute lugha nyingine.

Sasa tazama ulipo wewe. Umekaa Chanika, Kisarawe iko jirani. Bibi yako bado anaongea na wenzake. Hao wenzake ndio utafiti wenyewe, kuliko hata bibi peke yake, kwa sababu lugha inayosemwa na mtu mmoja mbele ya kinasa sauti ni tofauti kabisa na lugha inayosemwa na watu wanne wanaobishana kuhusu mpaka wa shamba.

Na Kizaramo kinahitaji mtu. Hii ndiyo lugha ya wenyeji wa eneo ambalo jiji letu limekaa juu yake, lakini ukilinganisha na majirani zake imepewa kisogo. Kimatumbi, kule kusini ya Rufiji, kilipata kitabu kizito cha David Odden mwaka 1996. Kikaguru kilipata sarufi ya Malin Petzell mwaka 2008. Kindengereko kikapata tasnifu ya Eva-Marie Ström, Chuo Kikuu cha Göteborg, mwaka 2013. Ukija kwa Kizaramo utakuta vipande: muhtasari wa sarufi aliouchapisha Mjerumani aitwaye Worms mwaka 1897, kwa Kijerumani, orodha za msamiati, na makala za kukilinganisha na ndugu zake. Kwa lugha iliyo mlangoni mwa vyuo vikuu vya Dar es Salaam, hiyo ni aibu kidogo, na aibu ni yetu sisi walimu kabla haijawa ya mtu mwingine.

Kwa nini kimepungua? Hapa nakuomba uwe tayari kusema jambo ambalo si tamu kwetu sisi tunaokula kwa Kiswahili. Watu wengi wakisikia lugha inakufa hufikiria Kiingereza. Kwa hapa kwetu, lugha inayomeza nyingine ni Kiswahili. Herman Batibo, mwanaisimu wetu aliyefundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya kwenda Botswana, aliandika kitabu kizima mwaka 2005 kuhusu kudidimia na kufa kwa lugha barani Afrika, na moja ya hoja zake ni hiyo: lugha ndogo za Afrika zinabanwa zaidi na lugha kubwa za Kiafrika kuliko na lugha za wakoloni. Wazaramo walikutana na Kiswahili mapema kuliko karibu makabila yote ya bara. Kilikuja na biashara, na madrasa, na kazi za mjini, kisha shule za msingi, kisha vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vilivyowakusanya watu waliokuwa wametawanyika. Siku hizi kinakuja na viwanja. Wewe wa Chanika unajua mwenyewe: nyumba kumi za mtaa wako zina makabila mangapi? Bibi akitoka nje kuomba chumvi, ataiomba kwa lugha gani?

Tena lugha zenyewe zinafanana. Kizaramo kimo katika kundi la Ruvu pamoja na Kikwere, Kikutu, Kikami na Kiruguru. Kiswahili kimo katika kundi la Sabaki pamoja na Kimijikenda na Kipokomo. Ni binamu. Mzaramo anayehamia Kiswahili hapandi mlima, anateleza tu, na mara nyingi hajui ameteleza. Hilo kwako ni hatari ya kitaaluma. Ukimuuliza mzee “kwa Kizaramo unasemaje hivi”, anaweza kukupa neno la Kiswahili lililovishwa kiambishi cha kwao, akalisema kwa uhakika wote, nawe ukaliandika. Mtu anayetafiti Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, hana tatizo hilo kwa ukubwa huo. Neno la Kiswahili likiingia linaonekana mara moja. Kwako wewe halitaonekana. Utalazimika kuuliza watu kadhaa kutoka vijiji tofauti, na kusikiliza zaidi wanavyoongea wenyewe kuliko wanavyojibu maswali.

Nikuonyeshe kwa lugha yangu mwenyewe kwa nini nasisitiza hilo. Mimi ni Mhaya. Chukua sentensi ya Kiswahili “tulifunga”, kwa maana ya kufunga kitu kwa kamba. Mtafiti akija kwa mama yangu na kumuuliza “tulifunga mnasemaje?”, mama atampa jibu moja, lolote litakalomjia kwanza, kwa mfano *tukomile*. Mtafiti ataandika: njeo iliyopita ya Kihaya, yaani umbo la kitenzi la wakati uliopita, ni hiyo, basi, atahamia swali linalofuata. Kumbe Kihaya kina njeo zilizopita tatu. *Twakoma* ni tulifunga leo, mapema kidogo. *Tukomile* ni tulifunga jana. *Tukakoma* ni tulifunga juzi au huko nyuma zaidi. Mama hajamdanganya mtu. Swali la Kiswahili halina nafasi tatu, kwa hiyo jibu limetoka moja. Na hiyo *tukakoma* ina mtego wake, maana anayejua Kiswahili akiona -ka- anadhani ni ile ka ya masimulizi, “tukaenda, tukala”. Anaiandika kwenye kisanduku kisicho chake, halafu mtu mwingine anakuja kunukuu kitabu chake kwa miaka thelathini.

Dawa yake ni kuweka mazingira. Unamwambia mzee: leo asubuhi tulikuwa na mbuzi, tukafanya hivi, eleza. Jana tulikuwa na mbuzi, eleza. Enzi za babu yako, eleza. Na dawa kubwa zaidi ni kuacha kuuliza, ukarekodi masimulizi na mabishano, kisha ukakaa nayo mezani.

Huko mezani ndiko maisha ya kazi hii yaliko. Picha ya mwanaisimu aliyeketi chini ya mwembe na wazee ni ya kweli, ila ni sehemu ndogo ya mwaka wake. Sehemu kubwa ni unukuzi: kusikiliza sekunde nne, kusimamisha, kuandika, kurudisha nyuma, kusikiliza tena. Dakika moja ya mazungumzo ambayo wazee watatu wanadakizana inaweza kukula saa nzima ukiwa bado mgeni. Unaifanya kwenye programu inaitwa ELAN, iliyotengenezwa Nijmegen, Uholanzi, inayokuwezesha kuunganisha kila mstari wa maandishi na kipande chake cha sauti. Ukitaka kupima toni au urefu wa irabu unaipeleka sauti kwenye Praat, kazi ya Boersma na Weenink wa Amsterdam. Kamusi yako unaijenga kwenye FLEx ya shirika la SIL. Zote tatu ni za bure, unazipakua leo usiku ukiwa na bando. Ukichukia kazi ya namna hiyo, ya kukaa, ya kurudia, ambayo hakuna anayekuona ukiifanya, bora ujue sasa.

Katika unukuzi utahitaji mtu wa katikati: anayeelewa bibi anachosema lakini pia anasoma na kuandika bila shida. Watafiti wengi hupata taabu sana kumpata mtu huyo. Wewe unaye. Ni baba yako. Mtoto wa mama Mzaramo aliyekulia Kisarawe huenda anakijua Kizaramo kuliko anavyokubali, hata kama hajakisema miaka mingi. Mkalishe jioni moja na rekodi ya mama yake. Sikuahidi chochote, ila nimeona wazee wa rika lake walioanza kwa kusema “mimi hicho nimekisahau” wakaishia kumkosoa mtafiti matamshi.

Kurekodi kwenyewe si anasa. Simu nzuri inafaa kwa mazoezi, lakini kwa rekodi za kuhifadhiwa tafuta kinasa kinachohifadhi kwa WAV, usikubali MP3, kwa sababu MP3 hutupa sehemu ya sauti ambayo kesho utaihitaji. Maikrofoni iwe karibu na mdomo wa msemaji kuliko ilivyo karibu na jogoo. Mvua ikianza kupiga mabati, zima, kunywa chai. Mwanzoni mwa kila rekodi sema kwa sauti tarehe, mahali, na nani anaongea. Usipofanya hivyo, baada ya mwaka mmoja utakuwa na mafaili mengi ya watu usiowajua.

Vibali sitakaa navyo sana. Ukiwa mwanafunzi wa uzamili, chuo kinakupa barua ya utambulisho inayokwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na halmashauri, halafu kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wageni ndio wanaopita COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama. Usiruke ngazi hata kama mwenyekiti ni mjomba wako, hasa kama ni mjomba wako.

La ridhaa nalitilia mkazo zaidi. Kumwambia mzee “nakurekodi, sawa?” haitoshi. Mwambie sauti itakaa wapi, nani ataisikia, na kwamba anaweza kubadili mawazo. Kwa Wazaramo kuna jambo la pekee ambalo wewe kama mwanamke utalifikia na mimi nisingelifikia: mambo ya mwali, mafunzo ya mkole, nyimbo zake. Humo mna Kizaramo kilichohifadhika vizuri kuliko cha barabarani, kwa sababu nyimbo hazibadiliki upesi. Lakini kufikia hakuna maana ya kuchapisha. Mengine wanawake watakufundisha kama mwenzao na watakuambia yaishie hapo. Yaache yaishie hapo, hata kama ndani yake kuna kitenzi ambacho hukukipata mahali pengine. Hifadhi za rekodi za lugha kama ELAR, iliyoanzia London mwaka 2002 na sasa ipo Berlin, huruhusu rekodi kufungwa, wakasikia wenyewe tu au watakaoomba ruhusa. Tumia nafasi hiyo.

Malipo pia yana mjadala usioisha. Wapo wanaosema ukimlipa mtu unaharibu data. Mimi nasema mzee aliyeacha shamba lake saa tatu kukusaidia amefanya kazi, na kazi hulipwa. Patana mapema, lipa sawa kwa wote wa aina moja, na usije na posho za semina za mjini ambazo mtafiti anayefuata hataziweza. Kuna wasiotaka hela: watataka sukari, sabuni, au uwapeleke hospitali siku ya kliniki. Kitu ambacho karibu wote watataka ni sauti zenyewe. Usiwape kiungo cha intaneti. Wawekee kwenye memori kadi iingie kwenye simu ndogo au redio, na uifanye mapema, maana baadhi ya hao uliowarekodi watafariki kabla hujamaliza shahada, na familia zitakuja kukuuliza.

Sasa njaa. Baba yako hajakosea sana. Hakuna mahali Tanzania wanapotangaza nafasi ya “mtafiti wa Kizaramo”. Redio zetu zinatangaza kwa Kiswahili na Kiingereza, shule zinafundisha kwa hizo hizo mbili, na tangu sensa ya mwaka 1967 hatuhesabu hata watu kwa makabila. Ndiyo maana idadi yoyote ya wasemaji utakayoisoma, ikiwemo ya kwenye Atlasi ya Lugha za Tanzania, ni makadirio. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazisifu lugha za jamii, lakini sifa hazina fungu la mishahara.

Anayeishi kwa kazi hii basi anaishi kwa kuungaunga, na nitakuambia jinsi kunavyoungwa. Mguu wa kwanza ni chuo. Unaingia kama Mkufunzi Msaidizi, ukipata shahada ya uzamili unakuwa Mhadhiri Msaidizi, ukipata uzamivu Mhadhiri, kisha Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Matangazo ya nafasi ya mwanzo kwa kawaida hutaka GPA isiyopungua 3.8 shahada ya kwanza. Angalia yako kabla ya kuota. Kama haifiki, usikate tamaa ya utafiti, ila ondoa chuo kikuu kwenye hesabu za miaka ya karibuni. Chuoni mshahara unalipwa kwa kufundisha madarasa makubwa na kusahihisha mitihani. Kizaramo unakifanya likizo.

Mguu wa pili ni miradi. Inakuja na kuondoka. Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza Mlimani mwaka 2001 kwa fedha za Sweden ulizaa mambo mengi: atlasi ile ya 2009, misamiati na kamusi, kama ya Runyambo ya Josephat Rugemalira, Kihaya ya Henry Muzale na Chasu, yaani Kipare, ya Abel Mreta. Wengi tunaofundisha isimu leo tuliguswa nao kwa namna moja au nyingine. Fedha zilipokwisha, mwendo ukapungua. Kwa ngazi yako kuna ufadhili wa uzamili wa DAAD ya Ujerumani na wa Jumuiya ya Madola, na kuna mfuko wa ELDP unaotoa fedha mahsusi kwa kurekodi lugha zilizo hatarini, na huo hupendelea maombi ya mtu anayeijua jamii. Hapo bibi yako ana thamani kuliko vyeti vyako. Kwa uzamivu nje, tazama vyuo vya Leiden, Bayreuth, Göteborg, na SOAS ya London. Na usiwasahau Wajapani, ambao wamefanya kazi kubwa ya msamiati wa lugha zetu bila makelele. Kihaya kinadaiwa mengi na Shigeki Kaji, na Kimatengo na Nobuko Yoneda.

Mguu wa tatu ni tafsiri ya Biblia. Watu wa isimu huwa hatuitaji sana, lakini mashirika yanayotafsiri maandiko, SIL miongoni mwao, yameajiri na kufundisha wasemaji wengi wa lugha za Mbeya na Mara, yametengeneza tahajia, na yamefanya kazi ya fonolojia ambayo vyuo vyetu havikuifanya. Kwa Wazaramo, ambao wengi ni Waislamu, mlango huo ni mwembamba. Ila ujuzi ni ule ule, na mtu anaweza kuajiriwa kwa lugha nyingine.

Mguu wa nne ndio ulioshika wengi wetu wasianguke, na ni kile kile Kiswahili. Tafsiri, ukalimani, uhariri, kufundisha wageni. SADC ilikipokea Kiswahili mwaka 2019, Umoja wa Afrika mwaka 2022, na tangu 2021 kinatambuliwa kuwa lugha ya mahakama zetu. Kazi za kutafsiri zipo na zinalipa kwa ukurasa. BAKITA husajili wataalamu, jisajili. Kejeli yake unaiona: lugha inayokimeza Kizaramo ndiyo itakayokulipia nauli ya kwenda kukirekodi. Mimi nimeshazoea kejeli hiyo.

Niongeze moja ambayo vijana hawaifikirii. Lugha ya Alama ya Tanzania nayo ni lugha ya wachache, wasemaji wake wako hapa hapa mjini, pale Buguruni kuna shule ya viziwi ya siku nyingi, na wakalimani wanatafutwa kila mahali, hospitali, mahakamani, kwenye runinga. Sarufi yake inahitaji watafiti kama ya Kizaramo. Ungekuwa huna bibi, ningekutuma huko.

Kuhusu ajira ya ualimu, ombi langu litamshangaza baba yako: ichukue ikija. Ukipata nafasi ya kuomba kituo, omba Kisarawe au Mkuranga. Mwalimu wa sekondari ana mshahara, ana likizo ndefu mara mbili kwa mwaka, ana wanafunzi ambao bibi zao wanaongea, na anaheshimika kijijini kuliko mtafiti aliyekuja na begi. Wanaisimu wengi wa nchi hii walianzia darasani. Ukifundisha miaka miwili mitatu huku unarekodi, ombi lako la uzamili litakuwa na data ndani yake, na waamuzi wa ufadhili wanaona mara moja tofauti ya mtu mwenye data na mtu mwenye shauku.

Ajira ikichelewa, usikae bure. Anza kwa orodha ya maneno ya msingi, viungo vya mwili, jamaa, wanyama, vitenzi vya kila siku, maneno mia mbili hivi, kwa watu wanne: bibi, mwenzake mmoja, mwanamume mmoja wa rika lao, na mtu wa kijiji kingine, Maneromango kwa mfano. Pale wanapotofautiana, usiamue nani yuko sahihi. Andika wote na uandike anatoka wapi. Kisha rekodi moja ya masimulizi, dakika tano zinatosha, uinukuu mpaka mwisho pamoja na baba. Hifadhi nakala tatu sehemu tatu, moja isiwe nyumba unayolala. Ukifika hapo, andika kurasa mbili za ulichokiona, hasa pale ambapo Kizaramo kimekataa kufuata Kiswahili, uje nazo ofisini kwa mwalimu yeyote wa isimu, Mlimani au kwingine. Usije na barua ya kuomba ushauri. Hizo tunazo nyingi.